Ua Moja Kwenye Sahani ya Mama Mkwe

Mpenzi msomaji, naomba nianze kwa kukiri kosa. Kuna Jumapili moja, Machi 2018, nilikaribia kumlisha mama mkwe wangu sumu. Tena mbele ya bosi wa mume wangu. Tena kwenye sahani nzuri kuliko zote nilizowahi kupanga maishani mwangu.

Ilikuwa sahani nyeupe, pana, bapa. Papai nilikuwa nimelikata vipande vyembamba nikavilaza kimoja juu ya kingine mithili ya upepeo. Pembeni zabibu nyekundu zilizopasuliwa katikati, chini shira ya ukwaju niliyoivuta kwa kijiko ikaacha mstari, na juu kabisa, kama taji, ua moja la pinki. Sahani tano, maua matano. Nilipiga picha kabla ya kuzipeleka mezani. Picha ile ninayo hadi leo, na huwa naiangalia kila nikianza kujiona mjuaji.

Mama mkwe hakupiga kelele. Aliitazama sahani yake, akanyoosha mkono na kulitoa ua. Akalitoa la mwanawe. Kisha, bila hata kuomba radhi, akayatoa ya bosi na mke wa bosi, akamalizia na langu. Akayafunga yote matano kwenye pindo la kanga yake. Halafu akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Msile. Sahani zote zirudi jikoni."

Weee! Natamani ningeweza kukueleza ukimya wa meza ile.

Wizara ilihama, na mimi nikahama

Ili unielewe, nirudi nyuma kidogo. Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu ua ni jambo la mwili na la harufu. Asumini inatungwa kikuba, inavaliwa, inamwagwa kitandani kwa bibi harusi. Waridi tunalijua kwa marashi yanayonyunyizwa kwa wageni, na bibi yangu alikuwa akisema kwamba waridi likiingia jikoni basi ni kwa njia ya maji yake tu, kama Waomani wanavyotia maji ya waridi kwenye halua. Na kweli, kule Jabal Akhdar, Oman, wanachuma mawaridi ya milimani kila msimu wa kuchipua na kuyachemsha ili kukinga mvuke wake. Lakini ua zima, bichi, juu ya chakula? Hilo nililiona kwenye simu.

Julai 2016 Serikali ilipotangaza kwamba sasa kuhamia Dodoma si maneno tena, kama ilivyoamuliwa tangu 1973, wengi tulicheka. Tulikuwa tumeusikia wimbo huo tangu utotoni. Mwaka uliofuata mume wangu akapewa barua ya uhamisho. Mimi nilikuwa na kazi yangu nzuri Dar, kampuni ya bima, dawati karibu na dirisha. Tulikaa vikao vitatu chumbani. Marafiki zetu wengine waliamua bwana aende Dodoma, bibi abaki Dar, watakutana wikiendi kwa basi. Mimi nikasema ndoa ya basi siiwezi. Nikaandika barua ya kuacha kazi.

Basi bwana, tukapanga nyumba Kisasa. Dodoma ya wakati ule ilikuwa na vumbi, upepo wa jioni unaobamiza milango, maji ya mgao, na majirani ambao kila mmoja alikuwa mgeni kama wewe. Mume anatoka saa moja asubuhi, anarudi saa mbili usiku. Mimi nimebaki na jiko, friji na simu. Siku ya kwanza unapumzika. Wiki ya pili unapanga kabati. Mwezi wa tatu unaanza kuongea na friji.

Hapo ndipo nilipoanza mambo ya sahani. Nilikuwa naangalia picha za vitindamlo vya hoteli kubwa za Ufaransa na Japani, najaribu kuiga kwa matunda ya soko la Majengo. Na nikwambie ukweli, Dodoma ina matunda. Zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Kuna papai, tikitimaji, mapera, embe za mwisho wa mwaka, ukwaju, na ubuyu usio na mwisho. Nikajifunza kukata. Nikajifunza kwamba kipande chembamba kinachovutia macho kinahitaji kisu kikali kuliko ufundi. Nikanunua sahani nyeupe nane, elfu kumi na tano kila moja, nikazificha chini ya vitenge kwa wiki mbili kabla ya kumwambia mwenye nyumba.

Unataka kujua alisemaje? Hakusema kitu. Na hilo ndilo lililoniuma. Kila usiku nilikuwa namwekea kitindamlo mbele yake, nimekipanga saa nzima, naye anakula huku macho yako kwenye taarifa ya habari. Kijiko kinaingia katikati ya upepeo wa papai kama jembe kwenye tuta. "Ahsante mke wangu, tamu." Basi. Anaweza kuwa amekula papai, anaweza kuwa amekula sabuni.

Kwa hiyo mume aliposema Jumapili ijayo anamkaribisha bosi wake na mkewe, na kwamba mama yake naye atashuka kutoka Hombolo kuja kutuona kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, nikasema moyoni: leo watatazama.

Ua la ua wa jirani

Maua niliyachuma kwenye ua wa jirani. Ulikuwa mti wa mapambo, majani membamba marefu, maua ya pinki yamejaa kiangazi na masika. Dodoma umepandwa sana kwa sababu hauchoki na jua. Mimi nililiona ua zuri, nikaliosha, nikaliweka. Sikujua jina lake. Wataalamu wa mimea wanauita oleanda, na kila sehemu yake ni sumu, kuanzia ua, jani na kijiti hadi maji ya chombo ulimoliweka. Sumu yake inapiga moyo wenyewe, inauvuruga mapigo.

Mama mkwe hakujua neno oleanda. Alichojua ni kwamba miaka ya nyuma mbuzi wake wawili walikula matawi ya mti ule yaliyofyekwa na kutupwa njiani, na kabla ya jioni wote wawili walikuwa wamelala chini. "Mti ambao mbuzi akila anakufa," aliniambia jikoni, "wewe unawapa watu kwenye sahani?" Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali.

Nikamwaga sahani zote tano, kwa sababu utomvu ulikuwa umeshagusa matunda. Nikanawa mikono mara mbili. Tukarudi mezani na machungwa yaliyokatwa vipande vinne vinne, kama kwenye msiba. Mke wa bosi akanitazama kwa huruma ile inayochoma, akasema, "Mdogo wangu, mapambo mengine tuyaache ukumbini." Nikacheka. Si unajua kile kicheko ambacho meno yapo lakini macho hayapo?

Usiku tukagombana. Siyo kwa kelele, maana mama alikuwa amelala chumba cha pili. Kwa kunong'ona, ambako ni kubaya zaidi. Mume akaniambia nimemwaibisha. Nikamwambia mimi nimeacha kazi, nimeacha ndugu, nimeacha bahari, nimekufuata kwenye vumbi, na katika miezi yote hii hajawahi hata siku moja kuitazama sahani ninayomwekea. Hata siku moja.

Akakaa kimya muda mrefu. Nikadhani amelala. Kisha akasema, "Mimi sijui kutazama chakula. Kwetu tulitazama kama kipo. Kikiwepo, tunakula kabla hakijaisha."

Sikuwa na jibu. Tulikuwa na miaka minne ya ndoa, na hilo lilikuwa la kwanza kulisikia.

Hombolo, saa kumi na mbili asubuhi

Wiki mbili baadaye nikafunga safari kwenda Hombolo peke yangu kuomba radhi rasmi. Nilibeba sukari, majani ya chai na kanga mpya, doti moja, kwa sababu ile iliyofungiwa maua nilijua hataivaa tena bila kukumbuka. Nilipoingia uani nikawasalimia wote "Mbukwenyi" kwa lafudhi yangu ya Kitanga. Kina mama waliokuwa wanapembua mtama wakacheka hadi wakaweka ungo chini. Nikajua hapo walau sijachukiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa mguu wa heri?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Radhi tutaongea kesho asubuhi. Utaamka saa kumi na mbili?"

Nikaamka. Akanipa jembe ambalo hatukulitumia na kikapu tulichokitumia, tukaenda shambani kabla jua halijatoka vizuri. Eka moja ya zabibu, na pembeni yake mahindi machache, mtama, na maboga yametambaa kila mahali. Maua ya maboga yalikuwa wazi, ya njano kama yai la kienyeji, makubwa kuliko kiganja changu. Akaniambia nichume kumi. Nikaanza na lililo karibu.

"Hilo liache!"

Nikashtuka.

"Tazama chini yake."

Nikatazama. Chini ya ua kulikuwa na kiboga kidogo, saizi ya ndimu. Akanieleza kwamba ua la boga lina jike na dume. Jike limekalia boga, na ukilichuma umechuma boga ambalo ungekula mwezi ujao. Dume lina kikonyo kirefu chembamba, halina kitu chini. Ndilo linalochumwa. Lakini hayo nayo huchumi yote, unabakiza ya kutosha ili nyuki wabebe chavua kwenda kwa majike. Na unachuma asubuhi hii hii, kwa maana jua likipanda maua yananywea na hayafunguki tena.

Jamani, mimi nilikuwa nimetazama picha mia za maua kwenye sahani. Sikuwahi kutazama chini ya ua.

Tulipokaa kuyasafisha, ndipo akaongea. Akasema maua haya kwao yanapikwa na majani ya maboga, au yanatiwa kwenye mlenda, ugali wa uwele pembeni. Ni mboga kama mboga nyingine. Lakini kuna miaka ambayo yalikuwa zaidi ya mboga. Mwaka 1974, mvua zilipokataa, yeye alikuwa msichana. Walikula kilichokuwepo. Na bibi yake alikuwa akiwasimulia njaa kubwa zaidi, ile ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, ya kati ya 1917 na 1920, wakati majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalipopita Ugogo yakichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua nazo zikakatika. Watu walikufa kwa wingi, wengine wakatawanyika wasirudi. Waliobaki walikuwa wanajua jani lipi linaliwa na lipi linaua. Asiyejua hakuwa na mjukuu wa kumsimulia.

"Kwa hiyo mwanangu," akasema, "nilipoona lile ua kwenye sahani sikukasirika kwamba umeweka ua. Niliogopa kwamba hukuuliza."

Hiyo ndiyo radhi yetu ilivyokwisha. Akaipokea kanga. Mimi nikarudi Dodoma na kikapu cha maua ya maboga, gunia dogo la choya iliyokaushwa, na unga wa ubuyu kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Niliyojifunza, na wewe ujifunze kwa usalama

Najua, mpenzi msomaji, kuna mwenzangu na mie ambaye ameshaanza kuangalia bustani yake. Ngoja kwanza. Haya ndiyo ninayoyafuata mimi sasa, bila mzaha.

Kama hulijui jina la ua, na hujui mtu anayelila, usiliweke kwenye sahani, hata kama huna nia ya kulila. Utomvu hauulizi nia. Oleanda achana nayo kabisa. Yale maua makubwa yenye umbo la tarumbeta yanayoning'inia kichwa chini, nayo ni sumu. Minyaa inayopandwa kama uzio hapa kwetu ina utomvu mweupe unaounguza, usiilete hata karibu na jikoni.

Maua ya shada la dukani si chakula. Mawaridi ya mashamba makubwa ya Arusha au Naivasha yanapuliziwa dawa kwa sababu yamekusudiwa kutazamwa tu. Ukitaka petali za waridi, tumia la nyumbani ambalo unajua halijapuliziwa kitu, na ukate ile sehemu nyeupe ya chini, ni chungu.

Yaliyo salama na yapo hapa hapa ni haya: ua dume la boga, ua la bamia, maua madogo ya rehani, haibiskasi nyekundu ya bustanini, na choya. Ya choya yana siri yake. Kile chekundu tunachokausha si petali. Petali zikishadondoka, kinachobaki ni vile vikombe vinene vilivyokuwa vimelishika ua, na ndivyo vyenye ule uchachu. Halafu kuna jambo lililonifurahisha nilipolisoma: choya, bamia, haibiskasi, pamba na hata mbuyu wenyewe, wote ni ukoo mmoja. Mbuyu ule mnene unaouona njiani kuelekea Kongwa au Mpwapwa unafungua maua yake meupe usiku, na popo ndio wanaoyahudumia. Wewe umelala, shughuli inaendelea.

Toa vijiti vya chavua katikati ya ua kabla ya kuliweka, hasa ukiwa na mgeni mwenye aleji. Wageni wapya waanze na kidogo. Mjamzito amuulize daktari kwanza kuhusu choya. Maua uyaoshe haraka kwenye maji baridi, uyaanike juu ya kitambaa, uyaweke kwenye friji ndani ya chombo chenye kitambaa kibichi, na uyatumie siku hiyo hiyo.

Sahani yenyewe

Hii ndiyo ninayoiita ya Hombolo. Chukua mtindi mzito, umwage kwenye kitambaa safi, ufunge na uuninginize ndani ya friji kwa saa nne hadi maji yatoke. Kinachobaki ni laini kama krimu. Changanya na vijiko viwili vya unga wa ubuyu na asali kiasi. Mimi natumia asali ya Manyoni, ina ukali wa pori ambao unakubaliana na ubuyu.

Kwa shira, chemsha kikombe kimoja cha choya kavu kwenye vikombe viwili vya maji kwa dakika kumi na tano, chuja, rudisha jikoni na nusu kikombe cha sukari, acha moto mdogo hadi ishike mgongo wa kijiko. Ikipoa itazidi kuwa nzito, kwa hiyo iepue mapema kidogo.

Zabibu zetu za Dodoma, hasa ile nyekundu ya Makutupora, zina mbegu na uchachu, maana ni za divai. Zipasue kwa urefu, toa mbegu kwa ncha ya kisu. Papai likate membamba. Ukitumia ndizi au parachichi, pakaza ndimu zisiwe nyeusi.

Sasa kupanga. Anza na shira, kijiko kimoja, uivute mara moja tu. Usirudie, utachafua. Weka papai likiegemea upande mmoja, siyo katikati. Zabibu ziwe tatu au tano, macho yanapenda hesabu isiyogawanyika. Jaza ua la boga kwa krimu ya ubuyu, usokote ncha zake taratibu, ulilaze juu. Kuwe na kitu kimoja kilichosimama na nafasi tupu ya kutosha. Futa ukingo wa sahani kwa kitambaa. Na ua liwe moja. Ukiweka matano, mgeni haangalii hata moja.

Zabibu zisizo na mnunuzi

Mwaka huo huo, msimu wa Septemba, mama mkwe alipiga simu. Mnunuzi aliyeahidi kuja hakuja. Zabibu zimeiva, zinaanza kupasuka, nyuki na ndege wamezigeuza zao. Mkulima wa zabibu wa Dodoma ataelewa ninachosema: zabibu haikusubiri. Mahindi utaweka ghalani, zabibu ikiiva leo, keshokutwa ni hasara.

Mume wangu usiku ule hakuangalia taarifa ya habari. Alikaa na kikokotoo. Nikamwona mtoto wa mkulima, ambaye kwa miaka minne nilikuwa nimemwona afisa tu.

Nilikuwa nimepata kazi ya kwanza: kichen pati ya wageni sitini pale Area D, jirani aliyeionja sahani ya Hombolo na kuniambia "hii lazima mwanangu aipate". Nikamwambia mume, "Kesho twende kwa mama. Nunua kreti." Tulileta kreti nane. Nyingine nilizitumia kwenye pati, nyingine tukauza kwa majirani Kisasa nyumba kwa nyumba, mimi na yeye, afisa mzima amebeba kreti begani huku akisalimia watu. Nyingine mama alizianika zikawa zabibu kavu. Hatukuokoa shamba zima, nisikudanganye. Zaidi ya nusu iliozea mitini. Lakini zile tulizochukua nilimlipa bei ya sokoni, siyo ya shambani, na choya yake nikailipa pia. Alitaka kukataa. Nikamwambia, "Mama, kama ningenunua Majengo ningelipa." Akazipokea, akazihesabu mbele yangu, akazifunga kwenye pindo la ile kanga mpya.

Tangu hapo ni biashara ndogo. Sikutajirika. Kuna miezi nina oda nne, kuna miezi sina hata moja. Tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma, Julai 2024, nimekuwa napata na wateja wanaoleta wageni kutoka Dar asubuhi na kuwarudisha jioni, nao wanataka wale kitu cha Dodoma siyo keki waliyoiacha kwao. Mama ananipigia simu masika yakianza kuniambia maboga yametoka maua. Kila akija mezani kwangu ananyanyua ua kwanza, analigeuza, anatazama chini yake, ananiuliza, "Hili nalo limeulizwa?" Namjibu, "Limeulizwa, mama." Ndipo anakula. Analianza ua.

Na yule bwana wa taarifa ya habari? Siku yangu ya kuzaliwa iliyopita nilirudi kutoka kwenye pati moja nimechoka hoi, miguu imevimba, harufu ya shira hadi kwenye nywele. Nikakuta televisheni imezimwa. Mezani kuna sahani moja nyeupe, kati ya zile nane zimebaki tano. Papai limekatwa mapande kama la kulisha ng'ombe. Zabibu nne, mbegu zote ndani. Shira imevutwa mara tatu, imekuwa kama alama ya tairi. Na ua la boga, limewekwa kichwa chini, kikonyo kimesimama.

"Ni dume," akaniambia. "Nilitazama."

Nikakaa. Na yeye akakaa upande wa pili, mikono mezani, akinitazama ninavyoitazama ile sahani.